Nukta, Mkato na Mwanya: Hesabu za Majedwali katika Nchi ya Ugogo



Reli ya kati ipitayo Dodoma ilianzwa kujengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905. Ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Dodoma mwaka wa 1910, Tabora mwaka wa 1912, na mwaka wa 1914 ikaishia Kigoma, penye maji ya Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote hutajwa kuwa kilometa 1,252, na nafasi iliyo baina ya vyuma vyake viwili ni mita moja kamili.

Kwa mdomo mambo haya mawili hayana taabu. Sasa yaandikwe katika jedwali kwa desturi ya Kidachi: urefu, kilometa 1.252, upana wa njia, mita 1,000. Kisha apewe jedwali hilo karani aliyefundishwa hesabu kwa desturi ya Kiingereza, asiambiwe neno. Karani huyo atasoma habari za reli yenye urefu wa kilometa moja na robo, na upana wa mita elfu. Gari la moshi la njia hiyo lingekuwa ajabu ya dunia. Wala hakuna tarakimu hata moja iliyoandikwa vibaya. Vilivyomdanganya ni vialama viwili, nukta na mkato, ambavyo kwa ukubwa havipiti punje ya uwele.

Jambo hili halisikiki katika radio. Msomaji wa habari akisema "elfu moja mia mbili hamsini na mbili," sikio limekwisha pokea maana yake, na alama hazina kazi. Shida huzaliwa kwenye karatasi, hasa karatasi yenye safu za hesabu, ambapo hakuna maneno ya kumwongoza msomaji. Kwa hiyo mazungumzo haya yafaa zaidi kusomwa kitabuni kuliko kusikilizwa, nami nawaomba radhi wale ambao hawana ila masikio.

Nia yangu ni kueleza jinsi alama hizi zilivyoingia katika nchi ya kati. Hazikuletwa na elimu ya hesabu, maana hesabu yenyewe haijali zimeandikwaje. Zililetwa na wenye madaftari. Kila aliyeshika daftari la ushuru, la kodi au la ardhi alikuja na alama zake, na aliyeandikwa ndani ya daftari ndiye aliyepaswa kujifunza kuzisoma.

Hapo kale, misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikuwa haina budi kupita Ugogo, nchi ya maji machache, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kabla ya kuwaruhusu wasafiri kunywa na kupita. Hongo ililipwa kwa nguo na ushanga. Nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja. Ushanga ulihesabiwa kwa khete, na khete kumi zilifanya fundo. Nafaka ilipimwa kwa vibaba, vinne kwa pishi. Mtu aliyedaiwa doti tatu na shuka moja hakuwa na haja ya nukta wala ya mkato. Kila kipande kilikuwa na jina lake, na jina ndilo lililotenga kikubwa na kidogo. Desturi hii ilikuwa na akili nyingi, na tutaona kwamba wapiga chapa wa baadaye waliirudia bila kujua.

Hesabu kubwa za biashara hiyo ziliandikwa pwani, na hapo ndipo tunapokuta alama ya kwanza. Katika miaka ya 1860 ushuru wa forodha ya Unguja ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanya biashara wa Kihindi, kwa zaidi ya reale laki tatu kwa mwaka. Neno laki ni la Kihindi, na maana yake ni mia elfu. Wahindi hutenga tarakimu tatu za kwanza kutoka kuume, kisha hutenga mbili mbili. Basi hesabu ya 310,000 kwa desturi yao yaandikwa 3,10,000, na mkato wa kwanza kutoka kushoto husimama mahali pale pale laki inapotamkwa.

Waswahili waliichukua laki, lakini hawakuuchukua mkato wake. Elfu tulikwisha ipata kwa Waarabu, na milioni ilikuja baadaye na Wazungu. Kwa sababu hiyo lugha yetu hadi leo husema kwa kipimo kimoja na kuandika kwa kingine. Mtazame hesabu moja kwa desturi tatu:

Kihindi:      12,34,567.50
Kiingereza:   1,234,567.50
Kidachi:      1.234.567,50

Mswahili huisoma "milioni moja, laki mbili, elfu thelathini na nne, mia tano sitini na saba, na nusu." Jicho lake limeona kundi la 234, lakini ulimi umelipasua kundi hilo vipande viwili, laki mbili na elfu thelathini na nne. Mtoto wa shule anayekwama mbele ya hesabu kubwa hana upumbavu. Ameandikiwa kwa Kiingereza na anatakiwa asome kwa Kihindi. Sidhani kwamba walimu wengi wamewahi kumwambia hivyo.

Kwa habari za Waarabu, lipo jambo jingine la kupendeza. Waswahili wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu walitumia tarakimu za Kiarabu, na katika tarakimu hizo sufuri huandikwa kwa nukta. Mtu aliyezoea maandiko hayo akiona nukta katikati ya tarakimu, mara huisoma kuwa sufuri, na 1.252 kwake ingekuwa elfu kumi, mia mbili hamsini na mbili. Kwa watu wa namna hiyo nukta haikufaa hata kidogo kuwa ukuta kati ya maelfu na mamia.

Wadachi walipoanza kutawala walikuta rupia ya Kihindi ikitumika, na Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilipewa ruhusa ya kutengeneza rupia zake na pesa zake tangu mwaka wa 1890. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Jaribu sasa kuiandika pesa moja kwa sehemu za kumi za rupia, yaani kwa desimali: ni rupia 0.015625. Tarakimu sita baada ya nukta kwa kipande kimoja cha shaba! Hapana karani angefanya kazi hiyo. Basi madaftari yalikuwa na safu mbili, ya rupia na ya pesa, na ukuta kati yake ulikuwa mstari wa wino uliopigwa kwa rula tangu juu hata chini. Mwaka wa 1898 kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa, kiasi cha rupia tatu kwa nyumba nyingi za bara, akida aliweza kuiandika kodi hiyo bila kutia alama yoyote.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1904. Serikali ya Kidachi ilichukua kazi ya sarafu mikononi mwake, ikaondoa pesa 64, ikaweka heller 100 kwa rupia moja. Rupia kumi na mbili na nusu ikawa 12,50. Hapo safu mbili zilipata kuungana kuwa safu moja, na mkato ukaingia badala ya mstari wa wino. Hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Mstari wa wino hauwezi kupotea. Hupita ukurasa mzima, na hata mtu asiyejua kusoma vizuri huona kwamba vilivyo kuume si sawa na vilivyo kushoto. Mkato huweza kufifia, kumezwa na doa, au kudhaniwa kuwa ni uchafu wa kalamu. Rupia 12,50 ikipoteza mkato wake ni rupia 1250.

Juu ya hayo, hesabu za koloni zilipelekwa Berlin, na huko zilitakiwa kwa mark. Kipimo kilichowekwa ni rupia 15 kwa mark 20, maana yake rupia moja ni mark moja na theluthi. Theluthi haina mwisho katika desimali: 1,3333 na kuendelea milele. Kwa hiyo kila jedwali lililogeuza rupia kuwa mark lilikuwa na mahali pa kukatia, na jumla ya safu iliyokatwa mstari kwa mstari haipatani daima na jumla iliyogeuzwa mara moja chini. Makarani wa hesabu wanaijua taabu hiyo hata leo.

Wakati wa vita vikuu vya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma mwezi wa Julai 1916. Wadachi walikuwa wamekwisha chukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na Waingereza nao walichukua. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliwaandama watu hata mwaka wa 1920. Makadirio ya wakati ule yalisema watu 30,000 walikufa katika watu 150,000. Tazama hesabu hizi zinavyosimama kwenye safu: sufuri nne, mkato mmoja, sawasawa na bei ya magunia. Hapana aliyewahesabu wafu wale mmoja mmoja. Mkato una adabu ya kufanya kila kitu kionekane kimepimwa, na katika habari za Mtunya adabu hiyo hunichoma.

Waingereza walikuja na desturi yao, mkato kwa maelfu na nukta kwa sehemu za kumi. Siku moja mkato wa kwenye daftari ulikuwa ukitenga heller, na siku ya pili ulikuwa ukitenga maelfu. Fedha nazo zilibadilishwa upesi: rupia ikaondoka, florin ikawekwa mwaka wa 1920, na tangu tarehe 1 Januari 1922 shilingi ya Afrika ya Mashariki ikashika nafasi yake, shilingi moja kwa senti 100. Lakini Serikali yenyewe ilifanya hesabu zake kuu kwa paundi, na paundi moja ilikuwa shilingi 20. Ndipo safu zilipofika tatu: paundi, shilingi, senti. Karani akijumlisha, senti zikifika mia huvuka kwenda kwenye shilingi, na shilingi zikifika ishirini huvuka kwenda kwenye paundi. Basi ukuta wa wino ulirudi tena, maana hakuna desimali iwezayo kubeba mia na ishirini kwa pamoja katika safu moja.

Dukani na sokoni watu hawakuwa na safu tatu. Hapo shilingi mbili na senti hamsini ziliandikwa 2/50, kwa mstari uliolala upande. Alama hii ni mzee wa Kiingereza, wa zamani za shilingi na peni za Uingereza kabla hawajaziacha mwaka wa 1971. Kwetu imeishi kuliko kwao. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka wa 1966 na kutoa shilingi ya nchi, na senti zimekwisha toweka mifukoni mwa watu, lakini hata sasa muuza duka wa Nkuhungu akiandika bei huandika 5,000/=. Mstari ule na vistari viwili vinavyoufuata ni kaburi la senti. Tena vina kazi: vinaziba mlango, mtu mwenye hila asipate kuongeza sufuri nyuma ya hesabu.

Sasa na tuingie katika kiwanda cha kupiga chapa, maana mambo yote niliyoyasema yalipita mikononi mwa mpangaji wa herufi kabla ya kufika kwa msomaji. Zamani za herufi za risasi, jedwali lilikuwa kazi ngumu kuliko nyingine zote, na vijana wanafunzi hawakupewa kwanza. Sababu ni hii. Tarakimu zote kumi hutengenezwa kwa upana mmoja, kusudi zikipangwa chini kwa chini zisimame kama askari kwenye gwaride. Lakini nukta na mkato ni vyembamba kuliko tarakimu. Ukipanga 1,250 na chini yake 950, haitoshi kutia kipande kimoja kitupu mahali pa ile 1 isiyokuwapo. Yakupasa kutia na kipande chembamba mahali pa mkato usiokuwapo. Vipande hivyo vitupu ni risasi fupi isiyo na uso, haishiki wino, wala msomaji haioni. Hata hivyo ndiyo inayobeba jedwali zima. Mpangaji mvivu hutia kipande chochote kinachokaribia, na ifikapo mstari wa thelathini mamia yamekwisha sogea yakakaa chini ya maelfu.

Kwa sehemu za kumi sheria ni kali zaidi: nukta zisimame chini ya nukta. Tuseme mtu ameandika hesabu hizi akizisawazisha upande wa kuume tu:

 12.5
 3.75
  104

Jicho likishuka linaona 12, 3 na 104 zikiwa zimechanganyika. 5 ya sehemu za kumi imekaa juu ya 5 ya sehemu za mia. Zikipangwa kwa nukta, zinasomeka:

 12.5
  3.75
104

Wengine hupenda kujaza sufuri, waandike 12.50 na 104.00, ili safu ipendeze. Kwa fedha ni vizuri, maana senti sufuri ni habari ya kweli. Kwa vipimo sikubali. Aliyepima mvua akaandika 12.5 amesema amepima hata sehemu ya kumi. Mpiga chapa akimwongezea sufuri amemshuhudia kwamba alipima hata sehemu ya mia, naye hakupima. Sufuri ya urembo ni ushahidi wa uongo, hata kama imewekwa kwa nia njema.

Mvua yenyewe ilifundisha jambo jingine. Dodoma hupata wastani wa inchi 22 au zaidi kidogo kwa mwaka, yaani kiasi cha milimeta 570, na nyingi hunyesha baina ya Desemba na Machi. Siku za manyunyu kipimo huwa sehemu chache za mia za inchi. Waandishi wengi wa Kiingereza walipenda kuandika .05 bila sufuri mbele. Kwenye karatasi nzuri yasomeka. Kwenye herufi iliyochakaa, ambayo nukta yake imevunjika, mvua ya sehemu tano za mia hugeuka inchi tano, na inchi tano kwa siku moja ni gharika. Andika 0.05, na hata nukta ikifa, msomaji ataona sufuri iliyokaa mahali pasipo pake na atauliza. Waingereza wenyewe kwa muda mrefu waliinua nukta yao juu ya mstari, wakaandika 0·05, na vitabu vya hesabu vilivyopigwa chapa kwao vililetwa hivyo shuleni kwetu. Nukta iliyoinuliwa haikanyagwi na mstari wa jedwali ulio chini yake. Desturi hiyo imeachwa, nami naona ilikuwa na faida yake.

Miaka ya mwisho ya 1940 ilileta katika nchi ya Ugogo majedwali makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mapema mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa karanga, nao ulianzia Kongwa, mashariki ya Dodoma. Ekari zilizotajwa zilikuwa 3,210,000, na gharama kiasi cha paundi 24,000,000. Hizo ekari 3,210,000 hakuna aliyezipima kwa mnyororo. Ni mashamba 107, kila moja la ekari 30,000: themanini ya Tanganyika, kumi na saba ya Rhodesia ya Kaskazini, kumi ya Kenya. Katika tarakimu saba, nne ni sufuri zilizotoka katika ile 30,000 na katika kuzidisha. Mwaka wa kwanza Kongwa ilitakiwa kulima ekari 150,000, zikapandwa kiasi cha 7,500. Mwaka wa 1951 mpango ukafungwa, na hasara ilikuwa paundi milioni 36 hivi. Mvua chache na udongo mgumu ndio uliouangusha mpango. Nukta na mkato havikuwa na hatia hapo. Lakini asomaye yale majedwali leo huona jinsi safu iliyopangwa kwa uzuri, yenye mikato miwili kila mstari, ilivyozifanya hesabu za kukisia zionekane sawa na hesabu zilizopimwa.

Wakati matrekta yakiwa Kongwa, mwezi wa Oktoba 1948, wajumbe wa mataifa walikutana Ufaransa katika Mkutano Mkuu wa 9 wa Mizani na Vipimo. Miongoni mwa maazimio yao lilikuwapo moja juu ya jambo letu. Walisema nukta, kwa desturi ya Kiingereza, au mkato, kwa desturi ya Kifaransa, itumike kutenga hesabu kamili na sehemu zake tu. Tarakimu nyingi zaweza kugawanywa tatu tatu ili zisomeke kwa wepesi, lakini katika nafasi hizo isitiwe nukta wala mkato; uachwe mwanya mtupu. Mkutano wa 22, mwaka wa 2003, ulithibitisha hayo. Hawakuthubutu kumwambia Mwingereza aache nukta yake wala Mfaransa aache mkato wake. Walifanya jambo la busara zaidi: waliuondoa ule ugomvi wa maelfu, na kazi hiyo wakaipa nafasi isiyo na alama. Andika 1 252, na Mdachi na Mwingereza watasoma elfu moja mia mbili hamsini na mbili, wala hapana atakayefikiri ni moja na robo.

Huenda mtu akauliza kwa nini ugomvi huo ulitokea Ulaya, ikiwa tarakimu zilitoka Mashariki. Wataalamu wa Kiislamu walizijua sehemu za kumi zamani: al-Uqlidisi alizieleza Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand katika karne ya 15. Kwa Ulaya, watu walizoea kumtaja Simon Stevin wa Flanders, aliyetoa kitabu chake mwaka wa 1585, na John Napier wa Scotland baada yake. Lakini mwaka wa 2024 mwanahistoria Glen Van Brummelen alitangaza kwamba Giovanni Bianchini, mfanya biashara wa Venice aliyegeuka mtaalamu wa nyota, alitumia nukta ya desimali katika miaka ya 1440. Napenda kuwaonyesha ni wapi alipoitumia: ndani ya majedwali. Nukta haikuzaliwa katika sentensi bali katika safu, pale mtu alipochoka kuandika sehemu za sitini za wanajimu. Baadaye Leibniz wa Ujerumani alipenda nukta iwe alama ya kuzidisha, na katika nchi nyingi za bara la Ulaya mkato ukashika kazi ya desimali. Waingereza walizidisha kwa msalaba, nukta yao ikabaki huru.

Mwanya uliopendekezwa mwaka wa 1948 haukupata kukaa sana katika Afrika ya Mashariki. Serikali na magazeti yalishika mkato wa Kiingereza, na umebaki baada ya Uhuru. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 iliandikwa 12,313,469. Ya mwaka wa 2002, 34,443,603. Ya mwaka wa 2022, iliyotangazwa hapa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo, 61,741,120, na jiji la Dodoma peke yake 765,179. Katika karatasi za watu wote mimi siuchukii mkato huo. Watu wameuzoea, na hesabu iliyozoewa haina haja ya kurekebishwa kwa ajili ya wageni. Ila mwaka usitiwe mkato kamwe. Mwaka wa 1,967 ni kichekesho, nacho hutokea mara nyingi katika majedwali yaliyopangwa na mashine bila mtu kuyatazama.

Tena mashine hizo za kompyuta zimeleta hila mpya. Ziko faili za hesabu ambazo ndani yake mkato ndio ukuta kati ya safu na safu. Tia 1,252 katika faili ya namna hiyo pasipo kuifunga kwa alama za usemi, na kompyuta itaweka 1 katika safu moja na 252 katika safu ya pili, na safu zote za kuume zitasogea hatua moja. Na ukivuka Ziwa Tanganyika, mambo hugeuka tena. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na katika kanuni zinazotumiwa na kompyuta duniani, Kiswahili cha Kongo kimeandikiwa mkato kwa desimali na nukta kwa maelfu, ilhali Kiswahili cha Tanzania kimeandikiwa kinyume chake. Lugha ni moja, ziwa ni moja, na mzigo uleule ukiandikwa 1.250 Kigoma ni tani moja na robo, na ukiandikwa hivyo Kalemie ni tani elfu na ziada. Kwa jedwali litakalovuka mpaka, basi, mwanya ndio salama, na jina la kipimo liandikwe juu ya kila safu, kama mababu walivyosema doti na shuka.

Nimalizie Nkuhungu, kata ya jiji la Dodoma. Mwaka wa 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka huo huo. Ilivunjwa mwaka wa 2017, na mwaka wa 2018 mji ukafanywa jiji. Kwa muda huo wote mashamba ya mtama yamekuwa yakigeuka viwanja vyenye namba. Tuseme kiwanja cha mita 25 kwa 25. Ni mita za mraba 625, na katika jedwali la hekta ni 0.0625. Sufuri iliyo baada ya nukta ndiyo inayoshika mahali. Ikianguka, inabaki 0.625, nayo ni mita za mraba 6,250. Kodi ya ardhi hutozwa kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mwenye kiwanja akipewa karatasi yake aisome kwa sauti mbele ya karani, tarakimu moja moja baada ya nukta, kama wasomavyo wasomaji wa radio: sufuri, nukta, sufuri, sita, mbili, tano.